Jiko Linalouma Bila Kuwaka

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
12 Aprili, 1983

Kaka Ignasi,

Shikamoo. Mimi na Paskalina tu wazima, ila tumelowa. Masika ya mwaka huu yamekuja na hasira. Uani kwetu maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, na wenye furaha ni bata wa mama mwenye nyumba peke yao. Mama hajambo? Mwambie kitenge alichoagiza hakipatikani, na hata kikipatikana, siku hizi hakuna anayetaka kuonekana nacho mkononi. Habari za msako wa wahujumu uchumi nadhani mmezisikia redioni. Kuna watu hapa mtaani wametupa jalalani vitu vyao wenyewe, vya halali kabisa, kwa sababu risiti zilishapotea.

Mpwa wako ametimiza miaka kumi na minne mwezi uliopita. Ana vidole virefu kama vya marehemu baba yake, na kicheko chake kilekile kinachoanza kabla jambo halijaisha kusemwa. Shuleni walimchagua timu ya netiboli, nimekataa. Moyo wa baba yake, Tarsis, unaujua ulivyomfanya, sitaki wa mtoto uje unifanyie vilevile.

Sasa shida yangu. Nimepata jiko la umeme, la plate mbili. Usiniulize limetoka wapi. Unajua naishi kwa kuwauzia mafundi wa eneo la Gerezani chai na vitumbua, na sasa mkaa haushikiki, na mafuta ya taa tunapanga foleni kwa mawe. Kila mtu anaweka jiwe lake mbele ya duka la ushirika alfajiri, kisha anaondoka zake. Juzi niliacha jiwe langu likiwa la tatu, nikarudi nikalikuta la ishirini. Siku hizi mawe nayo yanatembea. Jiko hili likiwaka nitakuwa mtu.

Ramadhan, fundi redio wa mtaa wa pili, anasema anaweza kuliunga kwenye waya wa taa ya chumbani. Wewe uliyekuwa fundi umeme, niambie kama ni sawa. Au njoo ulifunge mwenyewe, siku mbili tu. Tangu arobaini ya Tarsis hujakanyaga hapa. Dar imekukosea nini?

Dada yako,
Benedikta


Masasi,
9 Mei, 1983

Dada Benedikta,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Njia imekatika kule Rufiji na mabasi yamelala huko na barua zetu. Mama ana kikohozi lakini ulimi wake hauna kikohozi chochote, tangu asubuhi anamsema katekista. Mikorosho imechanua kidogo, wadudu wamechanua zaidi.

Kwanza mwambie Ramadhan arudi kwenye redio zake. Jiko halining'inizwi kwenye waya wa taa. Waya wa taa ni mwembamba, na jiko moja linakula umeme wa taa thelathini. Utapata moto ndani ya ukuta kabla chai haijachemka. Jiko linataka waya wake lenyewe, mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye meni swichi, wenye fyuzi yake na swichi yake ukutani, mbali na mtungi wa maji. Fyuzi ikikatika usikubali mtu aweke msumari. Mwombe ruhusa mwenye nyumba. Kabla fundi hajagusa kitu, meni swichi izimwe, na wewe usimame hapohapo kuilinda asije mpangaji akaiwasha apige pasi.

Ndani ya waya wa jiko utakuta nyaya tatu. Mwekundu ni wa moto. Mweusi ni wa kurudishia. Wa kijani ni wa ardhi, huo unafungwa kwenye bati la jiko na unakwenda kwenye chuma kilichopigwa chini, ili umeme ukitoroka uingie ardhini usiingie kwako. Huo wa kijani ndio uhai wako. Wasikudanganye kwamba si lazima.

Dar siji. Mguu unanisumbua.

Paskalina mwache acheze netiboli.

Kaka yako,
Ignasi


Kariakoo,
30 Mei, 1983

Kaka Ignasi,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na kikohozi? Mkamulie limau. Sisi tu wazima, mvua imepungua, bata wamerudi kuwa na huzuni kama sisi wengine.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilielewa, ya pili nikapunguza, ya tatu nikachanganyikiwa kabisa. Hata hivyo nimetenda. Mzee Zahoro mwenye nyumba amekubali, kwa sharti kwamba chai yake ya asubuhi itapikwa kwenye jiko hilohilo. Ramadhan amepata waya mnene, sikumuuliza wapi, na chuma kimepigwa chini nyuma ya choo. Amefungua jiko kwa chini, na hapo ndipo tulipokwama.

Mwekundu upo. Mweusi upo. Wa kijani haupo. Wa tatu una rangi ya kijivu, kama majivu ya mkaa. Nimemwambia Ramadhan, hii si kijani. Akasema, "Mama Paskalina, hiyo ni kijani imezeeka." Mimi nimeona kijani kikizeeka kikawa njano, kikawa kahawia, kikawa hata cheupe kwenye khanga zangu. Sijawahi kukiona kinazeeka kikawa majivu. Mzee Zahoro naye akavaa miwani, akachungulia, akasema ni buluu. Tumesimama uani watu wazima watatu tunabishana rangi kama watoto wa chekechea. Niambie wewe ni ipi.

Halafu mguu. Katekista aliniandikia kwa niaba ya mama kwamba mwezi wa tatu ulitembea kwa miguu mpaka Ndanda, ukarudi kesho yake. Ni mguu upi unaokusumbua?

Na netiboli umeitolea wapi? Wewe ulikuwepo Tarsis alipoanguka, mimi nilikuwa nyumbani na mtoto wa siku arobaini. Moyo ni moyo, Ignasi. Unarithiwa.

Dada yako,
Benedikta


Masasi,
16 Juni, 1983

Benedikta,

Usilifunge jiko hilo. Kama Ramadhan ameanza, mwambie aache.

Nijibu upesi: limetoka wapi? Nani alikuwa nalo kabla yako? Limeandikwa maneno gani mgongoni au chini? Andika kila herufi, hata kama huielewi. Mpaka nikujibu, jiko likae kwenye gunia.

Usiniulize sababu. Mimi ni kaka yako na nimesema.

Mama hajambo, limau limesaidia. Mbuzi mweupe amezaa.

Ignasi


Kariakoo,
4 Julai, 1983

Kaka Ignasi,

Shikamoo. Nafurahi mbuzi amezaa. Ingekuwa heri na wewe ungezaa maelezo. Mwezi wa tano unaniambia funga hivi na hivi, mwezi wa sita unaniambia usifunge, na sababu nisiulize. Mimi nina miaka thelathini na sita, nimezika mume, nalea mtoto peke yangu, na bado unaniamuru kama siku ile nilipovunja mtungi wa mama.

Isitoshe umechelewa. Barua yako imefika juzi. Jiko limefungwa tangu tarehe kumi Juni. Ramadhan alifuata barua yako ya kwanza neno kwa neno, mwekundu wa moto, mweusi wa kurudishia, na huo wa majivu tukasema basi, ndio wa ardhi. Nilisimama kwenye meni swichi nikiwa na mwiko mkononi, hakupita mpangaji.

Sasa sikia ajabu. Jiko haliwaki. Lakini linauma.

Sisemi mzaha. Plate zote mbili zimepoa kama sakafu ya kanisa, maji hayapati hata uvuguvugu. Ila ukilishika pembeni, pale rangi yake ilipobanduka, linakung'ata mpaka kwenye kiwiko. Juzi lilimng'ata Paskalina, akaruka na sinia la vitumbua likamwagika lote. Bahati alikuwa na kandambili, angeteleza akavunja kiuno. Mama mwenye nyumba anasema kuna mtu ametutupia jambo, anaonea wivu vitumbua vyangu. Ramadhan anasema jiko limekaa muda mrefu bila kazi, tuliache limeunganishwa siku kadhaa lizoee. Mzee Zahoro anasema anataka chai yake. Mimi sijui nimsikilize nani, kila anayeongea ananiongezea kizunguzungu.

Haya, na swali lako. Nilikuwa nakuficha kwa sababu ya msako, sikujua barua zinapita mikononi mwa nani. Jiko nilipewa na Sista Mektilda, yule Mjerumani mzee niliyekuwa namfulia. Amerudi kwao kufa, alisema hivyo mwenyewe akicheka. Alisema alikuja nalo huku kabla ya uhuru. Risiti sina, nina sala zake tu. Chini limeandikwa maneno marefu siwezi kuyasoma, na moja lina vidoti viwili juu ya herufi.

Umeridhika? Sasa na wewe niambie kitu kimoja, chochote.

Benedikta


SIMU YA MAANDISHI
MASASI 14 JULAI 1983
BENEDIKTA MTAA WA MCHIKICHI KARIAKOO
ZIMA MENI SWICHI USIGUSE JIKO MTOTO ASIGUSE BARUA YAJA IGNASI


Masasi,
14 Julai, 1983

Benedikta, dada yangu,

Najua simu yangu imewatisha. Afadhali hofu. Kama hujazima meni swichi, weka barua hii chini, kazime, kisha urudi usome.

Katika vyombo vya Kijerumani vya zamani, waya mwekundu si wa moto. Ni wa ardhi. Umeshikana na bati la jiko lenyewe. Ramadhan amefuata maneno yangu, akautia umeme waya huo, na umeme wote ukaingia kwenye bati. Plate hazikupata kitu, ndiyo maana haliwaki. Bati limepata kila kitu, ndiyo maana linauma. Hakuna aliyekutupia jambo. Kilichowaokoa ni ile rangi ngumu iliyofunika bati, na kandambili za Paskalina. Siku atakapolishika akiwa miguu mitupu, sakafu ikiwa na maji, hataruka.

Mwenye kulifunga awe fundi wa umeme, si wa redio. Asiangalie rangi hata moja. Jiko likiwa halijaunganishwa popote, apime ni waya upi unaogusa bati. Huo ndio wa ardhi, hata uwe na rangi ya upinde wa mvua. Kwa jiko lako utakuwa mwekundu. Mweusi ndio utakaokuwa wa moto, na wa kijivu wa kurudishia, lakini apime.

Utauliza nimejuaje. Mwezi wa tano nilidhani ni jiko la Kiingereza, kama yote niliyowahi kuyaona Dar. Ulipoandika neno kijivu, nilijua. Ningekuambia mwezi wa sita, nikashindwa kueleza bila kusema nilikojifunza. Nikajifanya nakuamuru. Kwa ajili ya ukimya wangu mtoto ameng'atwa. Sinyamazi tena.

Mwaka 1969 karakana yetu ya mbao pale Gerezani ililetewa randa kubwa ya umeme, imetumika, ya Kijerumani. Niliifunga mimi. Mwekundu wa moto, kama nilivyofundishwa. Nikawasha, haikuzunguka. Nikamwambia Tarsis asubiri nikachukue testa ya kupimia umeme kwenye sanduku langu. Unamjua, hakuwa mtu wa kusubiri. Aliegemea mashine achungulie ina nini. Ile haikuwa na rangi, ilikuwa chuma kitupu, na paa lilikuwa linavuja, na yeye alikuwa amevua viatu asivilowanishe kwa sababu ulikuwa umemnunulia wewe.

Nilisikia kicheko chake nikiwa nimewapa mgongo, alikuwa anamcheka mtu. Nilipogeuka alikuwa chini.

Msimamizi alisema ni moyo. Watu wote wakasema ni moyo. Nilirudi siku ya tatu peke yangu, nikafungua ile mashine, nikaona waya mwekundu umekazwa kwa skrubu kwenye mwili wa chuma. Nikaifunga tena mashine, nikafika kwako matangani, ukaniuliza, "Kaka, ni moyo?" Nikasema ndiyo.

Sijashika waya tangu siku hiyo. Mguu wangu ni mzima. Na moyo wa Tarsis ulikuwa mzima, Benedikta, kama wa punda. Mwache mtoto acheze.

Sina la kuomba.

Ignasi


Kariakoo,
28 Agosti, 1983

Ignasi,

Simu yako ilipoletwa, nyumba nzima ililia kabla sijaifungua. Simu ya maandishi hapa ina kazi moja tu. Mama mwenye nyumba alishatandika mkeka barazani, na jirani mmoja alishaanza kuuliza tutasafirije na njia mbovu. Nilidhani ni mama. Nilipoona ni jiko, nilicheka mpaka wakaogopa zaidi. Nilizima. Mzee Zahoro alikasirika, alikuwa anasikiliza mpira.

Kisha barua ikafika, na tangu hapo nimeanza kukujibu mara tano. Ya kwanza nilikutukana. Ya pili nilimtukana Ramadhan, hana kosa, nikaichana. Ya tatu ilikuwa ya Tarsis, hiyo ninayo, haikuhusu. Mbili zilizobaki sikumbuki.

Sijui niwaze nini, huo ndio ukweli. Nikikaa upande mmoja nakuona wewe umeniua mume. Nikihamia upande wa pili namwona kijana wa miaka ishirini na tisa anafunga mashine kama alivyofundishwa. Nikichoka pande zote narudi kwenye kimoja tu ambacho hakinichanganyi: ulinijibu ndiyo. Waya ulikosea, sawa. Lakini lile ndiyo halikuwa kosa la rangi.

Unajua limefanya nini? Miaka kumi na minne nimemkataza Paskalina kukimbia. Nimemkataza kupanda ngazi upesi, kubeba ndoo mbili, kucheza ngoma kwenye harusi ya Selina, binti wa mama mwenye nyumba, wenzake wote wakicheza. Nimekuwa naamka kuweka mkono kifuani pake nisikilize. Mtoto mzima, nimemlea kama yai, kwa ajili ya moyo ambao haukuwa na kitu.

Nimemwambia. Nimemwambia yote, na jina lako nimelitaja. Kesho yake aliniuliza baba alikuwa anamcheka nani siku ile. Nikamwambia hilo analijua mjomba wake. Jumamosi alicheza netiboli viwanja vya Mnazi Mmoja. Nilikwenda kutazama, nikasimama nimejishika kifua changu mwenyewe kipindi chote. Walifungwa vibaya. Alikuja kwangu anahema, jasho linamtoka, anacheka, na hakuna kilichotokea.

Jiko nimelifungua, liko kwenye gunia chini ya kitanda. Nimerudi kwenye mkaa na kwenye foleni ya mawe. Ramadhan amejitolea kulifunga upya, anasema sasa ameelewa, nimemkatalia. Mzee Zahoro amemleta fundi wa kweli mwenye karatasi, naye nimemkatalia. Hakuna atakayeligusa.

Utakuja wewe. Una miguu miwili mizima, umesema mwenyewe. Utakuja na testa yako, utapima waya mmoja mmoja, mimi na Paskalina tumesimama tunakutazama. Ukimaliza utaliwasha, na wewe ndiye utakayelishika kwanza, kwa mkono mtupu. Kisha mimi nitalishika. Kisha tutabandika chai, na hapo mtoto ana swali lake la kukuuliza, la kicheko cha baba yake. Kama nimekusamehe au sijakusamehe, nadhani na mimi nitalijua hapo, chai ikichemka.

Barua hii sikuianza kwa salamu. Nilijaribu, kalamu ilikataa. Nimeiacha hapa mezani siku tatu nione kama itakubali.

Shikamoo, kaka.

Benedikta